Ng'ombe Haelemewi na Nunduye

Methali hii husemwa aghalabu juu ya mzazi na mwanawe, au juu ya mtu na jamaa zake: mzigo wa asili haumlemei mwenyewe. Lakini aliyeitunga kwanza alikuwa amemtazama ng'ombe, na ng'ombe aliyemtazama ni yule wa Afrika ya Mashariki, mwenye nundu juu ya mabega na ngozi iliyolegea chini ya shingo. Methali kama hii isingeweza kuzaliwa Uingereza wala Uholanzi, kwa kuwa ng'ombe wa huko hawana nundu. Katika kinundu kile imefungwa tarehe ndefu kuliko tarehe ya falme nyingi. Ni tarehe ya safari ya mnyama kutoka bonde la Mto Indus mpaka nyika za Umasai na Unyamwezi, ya mapambano yake na jua, na ya maarifa ya watu waliotembea nyuma yake. Ni tarehe vilevile ya kosa kubwa la hukumu, maana palikuwa na wakati ambapo watu wenye elimu na mamlaka walimwona mnyama huyu kila siku wakamwita duni, kwa sababu walimpima kwa ndoo ya maziwa wala hawakumpima kwa jua la saa sita mchana.

Ili kuyaelewa mapambano hayo yafaa kwanza kuujua mwili wa ng'ombe. Ng'ombe ni tanuri itembeayo. Joto la mwili wake akiwa mzima ni kama digri 38.5 za Sentigredi, na uhai wake wote hutegemea joto hilo lisipande wala kushuka sana. Majani alayo huchachushwa na vijidudu visivyohesabika katika tumbo lake la kwanza, na uchachushaji huo hutoa joto mchana na usiku. Kila tita la nyasi ni kama kuni zilizotiwa jikoni. Nyasi zikiwa ngumu na kavu, kama zilivyo wakati wa kiangazi, joto la kuzimeng'enya huwa kubwa na faida yake ndogo. Ng'ombe atoaye maziwa mengi hula mengi, na alaye mengi huchoma mengi. Katika nchi ya theluji tanuri hii ni neema, kwani humwezesha mnyama kustahimili baridi ambayo ingemwua mbwa asiye na banda. Katika nchi ya jua kali ni mtihani, kwa sababu juu ya joto la ndani huongezeka joto la nje, litokalo juani, hewani na ardhini.

Hewa ikiwa baridi kuliko ngozi, mwili huipa hewa joto lake bila ya taabu. Hewa ikifikia joto la ngozi yenyewe mlango huo hufungwa, ikabaki njia moja tu, nayo ni maji: jasho juu ya ngozi na mvuke katika pumzi. Mnyama akishindwa kutoa joto kwa njia hiyo hubakiwa na shauri moja, kupunguza kuni. Yaani huacha kula. Hapo maziwa hukauka, ndama hudumaa, na mitamba huchelewa kushika mimba. Kwa hiyo habari ya ng'ombe na jua haikomei katika raha au taabu ya mnyama. Ni habari ya chakula cha watu.

Ng'ombe wote wa duniani wametokana na nyati mwitu wa kale ambaye sasa ametoweka, lakini walifugwa mara mbili, katika nchi mbili. Mara ya kwanza ilikuwa katika Mashariki ya Karibu, kwenye nchi za mito ya Frati na Tigri ya juu, yapata miaka 10,500 iliyopita. Hao ndio ng'ombe wasio na nundu. Mara ya pili ilikuwa kando ya bonde la Indus, yapata miaka 8,000 iliyopita, na mabaki yao yameonekana Mehrgarh katika Baluchistan. Hao ndio wenye nundu, waitwao zebu. Wazee wa koo hizi mbili walikuwa wamekwisha tengana kwa zaidi ya miaka 100,000 kabla ya mtu ye yote kumfunga mmoja wao kamba. Mmoja alikwisha zoea majira ya baridi, na mwingine jua la Bara Hindi. Mfugaji aliwachukua na urithi wao.

Afrika ilipokea kwanza wasio na nundu. Sahara ilipokuwa bado ina majani na maziwa ya maji, watu wa huko walichunga makundi makubwa, na picha zao zingali zaonekana juu ya miamba ya Tassili katika Algeria. Nchi ilipokauka wachungaji walishuka kusini pamoja na mifugo yao, wakafika kando ya Ziwa Turkana kati ya miaka 5,000 na 4,000 iliyopita, na baadaye wakaenea katika nyanda za Kenya na Tanzania ya kaskazini. Zebu alikuja nyuma yao. Picha za Misri zamwonyesha katika maelfu ya pili kabla ya Kristo, lakini kuingia kwake kwa wingi kulikuja baadaye sana, biashara ya Bahari ya Hindi ilipostawi na Waarabu walipozidi kuvuka kuja pande hizi tangu karne ya 7. Pembe ya Afrika na pwani ya mashariki ndizo zilizokuwa lango lake.

Namna alivyoingia imejulikana katika miaka ya karibu kwa kuchunguza urithi ulio katika damu. Sehemu ya urithi hupitishwa na mama peke yake, na nyingine na baba peke yake. Wachunguzi katika miaka ya 1990 walipolinganisha sehemu hizo waliona jambo la ajabu: ng'ombe wa nundu wa Afrika, wanaofanana kwa umbo na wale wa Bara Hindi, wana urithi wa mama usio wa Kihindi hata kidogo. Mama zao wote ni wa ukoo wa kale wa Afrika usio na nundu. Maana yake ni kwamba madume ndiyo yaliyovuka bahari, yakapandishwa majike ya wenyeji, kizazi baada ya kizazi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba damu ya zebu ni nzito zaidi upande wa mashariki wa bara, na mwingine wa mwaka 2020 ulikadiria kwamba mchanganyiko huo ulikolea kati ya miaka 750 na 1,050 iliyopita. Katika utafiti huo wa pili ilionekana pia kwamba baadhi ya sifa za kuvumilia joto zimetoka kwa baba mgeni, na baadhi ya sifa za kustahimili maradhi ya nchi, kama yale yaletwayo na ndorobo, zimebaki kutoka kwa mama mwenyeji. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni nadra methali kutimia wazi hivi.

Mchanganyiko huo haukufanywa na daktari wala na chuo. Ulifanywa na wafugaji wasiojulikana majina, waliochagua dume hili wakaliacha lile, na ulikazwa na ukame na maradhi. Pigo kubwa kupita yote lilikuwa sotoka, iliyoingia Eritrea mwaka 1887 pamoja na ng'ombe walioletwa na jeshi la Italia. Katika miaka kumi hivi ilishuka mpaka kusini mwa bara, na katika nchi nyingi iliua tisa katika kila ng'ombe kumi. Wamasai waliita wakati huo maangamizi. Makundi yalipojazwa upya yalijazwa na waliosalia, na baadhi ya wataalamu huona kwamba hapo damu ya zebu iliongezeka tena. Sotoka ilitangazwa kuwa imekomeshwa duniani mwaka 2011. Ng'ombe waonekanao leo ni wajukuu wa wale walioponea chupuchupu.

Je, mwili wa mnyama huyu hushindana na jua kwa silaha gani? Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba ng'ombe hatoki jasho la maana, na kwamba hujipoza kwa kutweta tu kama mbwa. Uchunguzi wa miaka ya 1950 na baada yake uliondoa dhana hiyo. Kila unyoya wa ng'ombe una tezi yake ya jasho. Katika zebu tezi hizo ni kubwa, pana kama mifuko, zimesongamana na zimekaribia uso wa ngozi. Katika ng'ombe wa Ulaya ni nyembamba na chache zaidi kwa kila eneo. Jua likipanda, jasho la zebu huzidi kuongezeka sambamba na joto, hali la mwenziwe hufika mpaka wake mapema. Hapo mwenziwe hana budi kutweta, na kutweta ni dawa yenye gharama: misuli ya kifua yenyewe hutoa joto, mnyama hawezi kula wala kucheua vizuri, na damu hupoteza hewa ya kaboni ambayo ingeiweka sawa.

Silaha ya pili ni manyoya. Manyoya ya zebu ni mafupi, laini, yamelala na kung'aa, kiasi cha kurudisha nuru na kupitisha upepo mpaka kwenye ngozi. Ya ng'ombe wa nchi za baridi ni marefu na yamesimama, hushika hewa kama blanketi. Silaha ya tatu ni rangi. Ng'ombe mweupe au wa kijivu hurudisha sehemu kubwa ya nuru, na mweusi huinywa. Ng'ombe wengi wa Bara Hindi wana manyoya meupe juu ya ngozi nyeusi: weupe wafukuza joto, na weusi wailinda ngozi na miali iunguzayo. Silaha ya nne haionekani kwa macho, nayo huenda ikawa kubwa kuliko zote. Tanuri ya zebu huwaka kwa moto mdogo. Akiwa amepumzika hutumia chakula kichache na hutoa joto dogo kuliko ng'ombe wa Ulaya wa uzito ule ule.

Na nundu je? Watu wengi walidhani kwamba nundu, pamoja na ile ngozi iliyoning'inia shingoni, ndizo zimpozazo, kwa kuwa ndizo zinazoonekana. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Marekani walijaribu dhana hiyo kwa kisu: waliwakata madume wa aina ya Red Sindhi nundu na ngozi ya shingo, wakawarudisha juani. Uwezo wao wa kuvumilia joto haukubadilika kwa kiasi cha kutajwa. Nundu ni alama ya ukoo; dawa yenyewe imo katika ngozi yote, katika manyoya na katika moto wa ndani. Basi mtunga methali alisema kweli kuliko alivyojua: nundu haimwelemei ng'ombe, wala haimbebei mzigo wake.

Mwili peke yake hautoshi. Pana na mwenendo. Ng'ombe aliyeachwa huru katika nchi ya joto hula sana mara mbili, alfajiri mpaka jua lichomoze vizuri, na tena tangu alasiri mpaka giza. Katikati ya mchana hutafuta kivuli cha mgunga au mkwaju akacheua. Joto likizidi hupenda kusimama kuliko kulala, apate upepo pande zote. Akipewa nafasi hula usiku pia, wakati ambapo tanuri yaweza kutiwa kuni bila ya hatari. Lakini katika Afrika ya Mashariki usiku ulikuwa wa simba, chui na wezi, na boma la miiba lilikuwa lazima. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1960 yalionyesha kwamba zebu wa Afrika ya Mashariki walioruhusiwa kula usiku walikua upesi kuliko wenzao waliofungiwa. Usalama wa boma ulilipiwa kwa nyama na maziwa.

Wafugaji walijua hesabu hiyo, na sanaa yao yote ilikuwa kupunguza hasara yake. Wasukuma walitenga sehemu za malisho ziitwazo ngitili, zilizofungwa wakati wa masika ili nyasi na miti yake viwe akiba na kivuli cha kiangazi. Waborana wa kusini mwa Uhabeshi huchota maji katika visima virefu vya tula, watu wakisimama mmoja juu ya mwingine na kupokezana ndoo kwa wimbo, na wakati wa kiangazi huwanywesha ng'ombe kila siku ya tatu. Wamasai nao huwanywesha siku moja na kuacha moja, au zaidi, malisho yakiwa mbali. Mtu asiyejua huiona desturi hii kuwa ukatili. Uchunguzi uliofanywa Kenya na David Western na Virginia Finch, na kuchapishwa mwaka 1986, ulitoa maelezo mengine: ng'ombe wa Kizebu asiyenyweshwa kila siku hupunguza ulaji na hupunguza pia moto wa mwili wake, hivyo hutumia maji na chakula kidogo, na mchungaji hupata siku ya pili ya kumpeleka kwenye nyasi ambazo asingezifikia kama angefungwa kisimani. Faida ya malisho ya mbali hufidia hasara ya kiu.

Wachunguzi hao hao walikuwa wametazama habari ya rangi katika mwaka 1977. Walihesabu ng'ombe wa wafugaji katika nchi za joto la namna mbalimbali, wakaona kwamba kadiri nchi inavyozidi joto ndivyo ng'ombe wa rangi nyeupe na za kukwajuka wanavyozidi, na katika nyanda za juu zenye baridi wale wa rangi nzito huwa wengi. Wafugaji wana majina mengi sana ya rangi na mabaka ya ng'ombe, na wageni walizoea kuyaona majina hayo kuwa mapambo ya nyimbo. Kumbe nyuma ya jina palikuwa na kumbukumbu: mfugaji ajuaye kila ng'ombe kwa rangi yake hujua vilevile ni rangi gani zilizosalia baada ya mwaka wa njaa.

Hukumu ya utawala wa kikoloni ilikuwa mbali na maarifa haya. Masetla wa mwanzo wa karne ya 20, na Lord Delamere wa Njoro miongoni mwao, waliagiza madume na mitamba kutoka Uingereza kwa gharama kubwa. Wengi wa wanyama hao walikufa kwa homa ya mapafu, kwa ndigana kali na kwa maradhi mengine ya kupe. Waliosalia walistawi pale tu ambapo nchi ni ya juu na hewa ya baridi, josho li karibu, na malisho yamezungushiwa waya. Nchi hizo za juu zilikuwa zimetengwa kwa masetla. Ng'ombe wa mwenyeji, aliyesukumwa kwenye nchi ya chini, kavu na yenye joto, alilinganishwa na ng'ombe wa Ulaya wa nyanda za juu, akaonekana mdogo, mkonda, na mwenye vikombe viwili vya maziwa. Waliolinganisha walisahau kwamba wanyama hao hawakusimama chini ya jua moja.

Mwaka 1926 mwanachuoni wa Marekani, Melville Herskovits, alichapa maandishi mashuhuri juu ya nafasi ya ng'ombe katika maisha ya watu wa Afrika ya Mashariki. Alieleza jinsi ng'ombe wanavyofungamana na mahari, ibada, heshima na nyimbo. Maelezo yake yalikuwa mapana, lakini wengi wa watawala waliyachukua kwa ufupi wa hatari: kwamba Mwafrika huwapenda ng'ombe pasipo akili, hukusanya idadi bila ya kujali ubora. Kutokana na mawazo hayo ilizaliwa siasa ya kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 serikali ya Kenya ilianza kuwakamata ng'ombe wa Wakamba wa Machakos na kuwauza kwa bei ya chini, wakati ambapo kiwanda cha nyama kilikuwa kimejengwa Athi River. Wakamba kwa maelfu, wake kwa waume, walikwenda kwa miguu mpaka Nairobi chini ya uongozi wa Muindi Mbingu, wakakaa huko kwa wiki kadha wakitaka kumwona Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini serikali iliacha kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu.

Haki yataka isemwe kwamba mmomonyoko wa udongo katika Ukamba haukuwa uzushi. Vilima vilikuwa vimechujuka, na ng'ombe walikuwa wengi kuliko nyasi. Lakini nyasi zilikuwa chache kwa sababu mbili, na utawala ulitaja moja tu: haukutaja ardhi iliyochukuliwa. Wala haukuuliza kwa nini mfugaji wa nchi kavu hutaka ng'ombe wengi wadogo kuliko wachache wakubwa. Ng'ombe mdogo hula kidogo, hutembea mbali, na hutoa joto kwa urahisi, kwa kuwa mwili mdogo una ngozi nyingi kwa kadiri ya uzito wake. Na ukame ukiua nusu ya kundi, aliyekuwa na 40 hubakiwa na mbegu ya kuanzia tena, na aliyekuwa na wanne hubakiwa na wawili tu.

Hata hivyo si watumishi wote wa serikali waliofumba macho. Mpwapwa, katika Tanganyika ya kati, kilikuwako kituo cha uchunguzi wa mifugo tangu zamani za Wadachi. Nchi ile ni kavu na jua lake ni kali, na mtaalamu akaaye huko hana nafasi ya kujidanganya. Tangu miaka ya 1930 kituo kilijaribu kuchanganya damu. Kilichukua madume ya Sahiwal na Red Sindhi ya Bara Hindi, ng'ombe wa maziwa waliokwisha zoea joto, kikawachanganya na zebu wa Tanganyika na Boran, na kutia kiasi kidogo cha damu ya Ulaya, hasa Ayrshire. Mwaka 1958 aina mpya ilihesabiwa kuwa imetimia, ikaitwa Mpwapwa. Zaidi ya nusu ya damu yake ni ya Bara Hindi, na ile ya Ulaya haifiki sehemu moja katika kumi. Kiwango hicho hakikuchaguliwa kwa uzalendo. Jua ndilo lililokiamua. Kenya nayo iliagiza Sahiwal kati ya miaka ya 1939 na 1963, na kundi la taifa likawekwa Naivasha.

Katika miaka hiyo hiyo nchi nyingine zilikuwa zikifikia shauri lilo hilo. Katika Louisiana, Albert Rhoad alitangaza mwaka 1944 njia rahisi ya kupima uvumilivu: ng'ombe husimamishwa juani siku kadha, hupimwa homa asubuhi na alasiri, na hupewa alama katika 100. Brahman, zebu wa Marekani, alipata 89. Angus wa Scotland alipata 59. Afrika ya Kusini, Jan Bonsma alifanya kazi katika kituo cha Mara, Transvaal, akawa huchuna manyoya ya ng'ombe, akayalowesha na kuyasokota kiganjani. Manyoya ya ng'ombe asiyefaa kwa joto yalishikamana kama sufi, na ya yule afaaye yalikataa. Kwa kuchanganya Afrikaner, aliyetokana na ng'ombe wa Wakhoikhoi, na Hereford na Shorthorn, alipata aina iitwayo Bonsmara. Missouri, Samuel Brody aliwaweka ng'ombe katika vyumba vya joto la kupimwa, akaona kwamba maziwa ya Holstein huanza kushuka joto la hewa likipita digri 21 hadi 24 hivi, hali Brahman hustahimili mpaka karibu na 32. Texas ilikuwa imepata Santa Gertrudis, mwenye damu ya Brahman na Shorthorn, aliyetambuliwa rasmi mwaka 1940. Australia iliagiza Brahman mwaka 1933, na leo makundi ya kaskazini yake yamejaa damu hiyo. Brazil ilipokea zebu wa Ongole tangu karne ya 19, ikawaita Nelore. Sasa ina ng'ombe zaidi ya milioni 200, na wengi wao ni zebu.

Hapo ndipo penye kinaya cha tarehe hii. Ukoo ulioitwa mzigo Machakos ulikuwa ukinunuliwa kwa fedha nyingi Texas na Queensland. Tofauti haikuwa katika ng'ombe. Ilikuwa katika mwenye ng'ombe. Mfugaji wa Texas aliposema kwamba anataka mnyama awezaye jua, aliitwa mtu wa maendeleo. Mchungaji wa Afrika aliyesema maneno hayo hayo aliitwa mtumwa wa mila.

Lakini sifa za zebu zisigeuzwe kuwa hadithi. Uvumilivu wake una bei. Moto mdogo umwezeshao kukaa juani ndio uo huo umnyimao maziwa mengi. Ng'ombe mmoja wa Friesian aliyetunzwa vyema katika nyanda za juu hushinda zebu wengi kwa ndoo. Zebu huchelewa kupevuka, na jike lake huzoea kuzuia maziwa ndama wake asipokuwa karibu. Miji ya Afrika ya Mashariki imekua, na watoto wake wataka maziwa. Kwa hiyo mfugaji wa leo apandishaye ng'ombe wake mbegu ya Friesian hafanyi upuuzi, afanya hesabu. Hatari imo katika hesabu inayoishia nusu. Chotara wa kwanza huwa mzuri sana, kwa kuwa ana nusu ya ngozi ya mama na nusu ya kiwele cha baba. Mwenyewe hufurahi, akarudia mbegu ile ile, na kizazi cha tatu au cha nne kinakuwa na kiwele kikubwa juu ya ngozi isiyotoa jasho. Akiwa na banda, maji na majani mabichi atafaulu. Akiwa juani Dodoma au Karamoja atazika.

Hatari ya pili ni kupotea kwa mbegu. Ng'ombe wa Ankole wa Uganda na nchi jirani, wenye pembe ndefu, wamechanganywa sana na Friesian kwa muda wa miongo michache, na aina ya Mpwapwa haikuenea mbali na vituo vilivyoizaa. Kitu kilichofumwa kwa miaka elfu chaweza kufumuliwa katika maisha ya mtu mmoja. Wala elimu mpya haitakifuma upya kwa urahisi. Mwaka 2014 wachunguzi walitambua badiliko moja dogo la urithi lifanyalo manyoya ya ng'ombe wa Senepol, wa visiwa vya Karibi, kuwa mafupi na ya kuteleza, na sasa badiliko hilo hupandikizwa katika ng'ombe wa maziwa. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini wametambua uzi mmoja tu, na nguo ya zebu ina nyuzi nyingi.

Wakati huo huo jua lenyewe halikukaa mahali pake. Joto la dunia lazidi kupanda, na nchi zilizokuwa salama kwa ng'ombe wa Ulaya zaanza kupata siku ambazo Missouri ilizipima vyumbani. Katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, mamilioni ya mifugo walikufa katika Kenya, Uhabeshi na Somalia, na miongoni mwao walikuwa Boran wengi, ng'ombe hodari kupita wote. Msiba huo wafundisha mpaka wa jambo lote hili. Ngozi njema humwokoa ng'ombe na jua, haimwokoi na kukosa nyasi. Uvumilivu wa mnyama haukusimama peke yake tangu zamani. Ulisimama pamoja na ngitili, visima, njia za kuhama na ruhusa ya kuzipita. Nchi iliyochorwa mipaka na mashamba kila upande humpa mfugaji ng'ombe wa baba zake bila ya kumpa mwendo wao, na nusu hiyo haiishi.

Atakayeandika siasa ya mifugo kwa karne hii hana budi basi kuuliza maswali mawili kwa pamoja: ng'ombe huyu hutoa nini, na husimama wapi saa sita ya mchana. Wakoloni waliuliza la kwanza peke yake, na hasara yake ililipwa na wengine. Swali la pili wachungaji walikuwa wakilijibu kila siku, kwa kumtazama ng'ombe aliyekwenda kivulini mapema na yule aliyeendelea kula.